Kibao, Kitabu na Kishikwambi

Wako wadhanio kwamba shauri la vyombo vya kusomea limeanza juzi, vishikwambi vilipoingia shuleni. Sivyo. Tangu zamani kila kizazi cha walimu kimeletewa chombo kipya, nacho hakikuwa na budi kuamua la kushika na la kuacha. Twaona vema, katika kitabu hiki cha jubilei, kuwakumbusha wasomaji jinsi mambo yalivyokwenda.

Kabla ya shule za misheni, pwani yetu ilikuwa na vyuo vya Kurani. Mtoto aliandika juu ya ubao wa mti kwa wino, akasoma hata akahifadhi, kisha akauosha ubao na kuandika mengine. Maandiko yalifutika, bali yaliyosomwa yalibaki moyoni.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, akaanza kuiandika lugha yetu kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1864 Edward Steere aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer. Misheni yao ilikuwa na mtambo wa chapa, na vijana waliookolewa katika utumwa walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Kitabu cha Steere cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na mwaka 1888 shule ya Kiungani ikaanza gazeti lake, Msimulizi. Hivyo kijana aliyekuwa mali ya mtu aliweza kusoma, na tena kutengeneza kisomwacho.

Lakini karatasi ilikuwa ghali. Katika shule nyingi za vijijini watoto waliandika juu ya vibao vya mawe. Kibao kilidumu miaka mingi, ila hesabu ya leo ilifutwa ili kupata nafasi ya hesabu ya kesho, wala mzazi hakuonyeshwa kitu jioni. Daftari liliondoa upungufu huo, kwa maana lilihifadhi makosa na masahihisho pamoja. Tena, Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya Kenya ilipeleka katika shule za msingi vifaa zaidi ya milioni 1, vishikwambi kwa wanafunzi na kompyuta kwa walimu. Tanzania nayo, baada ya sensa ya mwaka 2022, iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu watu. Hayo ni mema. Hata hivyo, ziko shule ambazo vifaa vilikaa kabatini, kwa kuwa umeme haukutosha, au mwalimu hakufundishwa, au hakuna fundi. Na shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mtoto asiye na kifaa wala umeme alibaki na redio na vitabu vyake, kama anavyo.

Mataifa mengine pia yametupa mafundisho. Peru iligawa kompyuta nyingi mno kwa watoto. Wachunguzi walipolinganisha shule 319 za vijijini, hawakuona kwamba watoto wamezidi katika hesabu wala lugha. Sweden ilikwenda mbali sana na vioo vya kompyuta. Katika mtihani wa kusoma unaolinganisha mataifa, watoto wake wa darasa la nne walipata wastani wa alama 555 mwaka 2016, nao wakashuka hadi 544 mwaka 2021. Sababu si moja, kwani mwaka huo ulikuwa wa maradhi. Walakini mwaka 2023 serikali ilitenga fedha nyingi kurudisha vitabu shuleni.

Basi tufanyeje? Hatusemi kishikwambi kitupwe. Pasipo maktaba, chaweza kubeba vitabu mia; mtoto kipofu asikia somo; darasa laona moyo ukipiga na mlima ukitema moto. Lakini kusoma hadithi ndefu, kuumba herufi na kufuata hesabu hatua kwa hatua, hayo twayaweka katika karatasi, hasa kwa wadogo.

Twawasihi walimu na wazee wa shule, kabla ya kuchangisha fedha za vifaa, waulize maneno manne. Umeme utatoka wapi? Nani atafundisha walimu? Nani atatengeneza kilichoharibika? Na je, kila mtoto amekwisha kupata kitabu chake cha kusoma na daftari? Ikiwa jibu la mwisho ni hapana, fedha na zianzie hapo. Maana kifaa kikikosekana, mtoto wa tajiri atakipata nyumbani. Bali mtoto wa maskini, akikosa kitabu shuleni, hana pengine pa kukipata.