Malaika Waliokataliwa Roma

Tarehe 25 Oktoba 745, maaskofu waliketi na Papa Zakaria katika jumba la Laterano, Roma, kusikiliza kesi ya mtu ambaye hakuwapo. Aliitwa Aldebert, mhubiri wa vijijini katika nchi ya Wafaranki, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Mshitaki wake, Askofu Bonifasi, yule mmisionari Mwingereza aliyepeleka Injili Ujerumani, naye hakufika. Alimtuma padri na barua.

Barua hiyo ilisomwa kwa sauti, na mashitaka yake yangeweza kutoka katika gazeti la wiki hii. Aldebert alisimamisha misalaba na vijikanisa mashambani na penye chemchemi, watu wakawaacha maaskofu wao wakamfuata yeye. Aliwagawia kucha na nywele zake wazitunze kama masalia ya mtakatifu. Aliyekuja kuungama aliambiwa aende zake kwa amani, kwani dhambi zake zilikwisha kujulikana. Isitoshe, alikuwa na waraka aliodai umeandikwa na Yesu mwenyewe, ukaanguka Yerusalemu kutoka mbinguni na kuokotwa na Malaika Mkuu Mikaeli.

Kisha ikasomwa sala aliyoitunga. Ndani yake aliwaita malaika wanane kwa majina: Urieli, Ragueli, Tubueli, Mikaeli, Adinus, Tubuas, Sabaok na Simieli. Hapo ndipo sinodi ilipochachamaa. Ukimwondoa Mikaeli, walisema maaskofu, hao si malaika bali ni pepo wachafu waliovikwa majina ya malaika. Kanisa linawajua watatu tu kwa jina, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Aldebert akavuliwa upadri. Maaskofu walitaka maandishi yake yateketezwe, na Zakaria alikubali kwamba yanastahili moto, lakini akaona heri yawekwe katika hifadhi ya nyaraka kama ushahidi. Bila uangalifu huo wa kiofisi, majina yale pengine yangepotea.

Kwa nini watatu tu? Biblia ni bahili sana wa majina ya malaika. Wageni watatu waliokula chakula cha Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre hawakujitambulisha. Manoa, babaye Samsoni, alithubutu kumwuliza malaika jina lake, akarudishiwa swali: la nini? Mikaeli anatajwa katika Danieli, Yuda na Ufunuo. Gabrieli katika Danieli na Luka. Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti peke yake, akisafiri na kijana Tobia kama mwenzi wa njiani wa kawaida kabisa. Na kwa kuwa Tobiti imo katika Biblia ya Wakatoliki na haimo katika ile ya Waprotestanti, Mkatoliki na Mlutheri wa mtaa mmoja hawana hesabu sawa: huyu anataja watatu, yule wawili.

Woga wa viongozi haukuanzia kwa Aldebert. Waraka kwa Wakolosai tayari unaonya juu ya kuabudu malaika. Katika karne ya 4 maaskofu walikutana Laodikia, mji jirani na Kolosai, wakawakataza Wakristo kuliacha Kanisa na kukusanyika kwa ajili ya kuwaita malaika. Haikusaidia sana. Karibu na Kolosai hiyohiyo, mahali palipoitwa Khonai, kulikuja kuwa na patakatifu mashuhuri pa Mikaeli, na Kanisa la Mashariki bado linaadhimisha muujiza wake kila tarehe 6 Septemba.

Jina lilikuwa na uzito wake. Hirizi za enzi za Dola ya Roma zilichongwa majina ya Mikaeli, Gabrieli na Urieli, mara nyingi kando ya majina ya miungu ya kipagani. Kwa aliyeivaa shingoni, kulijua jina kulikuwa sawa na kuwa na njia ya kumwita mwenye jina. Ndiyo maana naamini kwamba siku ile Laterano malaika hawakuwa ndio hasa waliokuwa wakihukumiwa. Kilichogombewa ni nani mwenye ruhusa ya kuwaita, na kwa kibali cha nani. Mwaka 789 Mfalme Karolo Mkuu wa Wafaranki aliligeuza katazo la kuwataja malaika wengine kuwa agizo la serikali: majina ni yale matatu, basi.

Lakini Urieli hakuwa amebuniwa na Aldebert. Anatajwa katika Kitabu cha Henoko, maandishi ya Kiyahudi ya kale kuliko Injili, ambayo Waraka wa Yuda unayanukuu bila wasiwasi. Makanisa mengi yalikiacha kitabu hicho, na Ulaya ikakosa nakala yake kamili kwa karne nyingi, mpaka msafiri Mskoti James Bruce aliporudi na nakala za Kigeez mwaka 1773. Alizipata Ethiopia, ambako kitabu hakikuwa kimepotea hata siku moja. Kanisa la huko, la Tewahedo, linakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Mikaeli anakumbukwa kila mwezi tarehe 12 ya kalenda yao, Gabrieli tarehe 19, na Urieli, wanayemwita Urael, tarehe 22. Ana kanisa lake kubwa Addis Ababa, na mtaa unaolizunguka umechukua jina lake.

Roma nayo haijabadili msimamo. Mwongozo wa Vatikani kuhusu ibada za watu, uliotolewa Desemba 2001, unawaonya waamini wasiwape malaika majina, isipokuwa Gabrieli, Rafaeli na Mikaeli. Onyo hilo linawahusu hata malaika walinzi, ambao sikukuu yao ni tarehe 2 Oktoba. Mwamini anaruhusiwa kumwomba mlinzi wake asubuhi na jioni, maisha yake yote, ilimradi asimbatize.