Connacht: Timu ya raga iliyoponea kufutwa, na uwanja wake wa upepo

Wengi wetu huku Pwani tukitajiwa raga tunawakumbuka Shujaa, vijana wetu wa wachezaji saba kila upande, na siku ile ya Aprili 2016 walipoilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore. Wiki sita baadaye kulitokea jambo jengine kwenye raga, mara hii ile ya wachezaji 15, ambalo huku kwetu halikusemwa sana. Timu ya Connacht, kutoka magharibi mwa Ireland, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Pro12. Miaka 13 kabla ya hapo wakubwa wa mchezo nchini mwao walikuwa wakijadili kuivunja.

Kwanza niwaeleze mpango wa raga ya Ireland, maana bila huo kisa hiki hakieleweki. Kisiwa kizima kinacheza kama nchi moja, kaskazini na kusini, chini ya shirikisho moja liitwalo IRFU. Chini yake kuna timu nne za mikoa. Leinster ni ya Dublin, ambako ndiko kwenye watu na pesa. Munster ni ya Limerick na Cork, Ulster ni ya Belfast, na Connacht ina kaunti tano: Galway, Mayo, Roscommon, Sligo na Leitrim. Wachezaji wa kulipwa ni waajiriwa wa mfumo huo huo wa shirikisho, kwa hivyo anayeshika mfuko wa pesa ndiye anayeamua mkoa upi ule na upi ulale njaa.

Connacht ndio mkoa wenye watu wachache zaidi kati ya hiyo minne, na umaskini wake una historia ndefu. Kati ya karne ya 17, utawala wa Cromwell wa Uingereza ulipowanyang'anya Wakatoliki wa Ireland mashamba yao, wenye ardhi waliamriwa kuhamia magharibi ya mto Shannon. Ndipo ukazuka ule msemo kwamba waende jehanamu au Connacht. Mpwani anayejua habari za mashamba na hati miliki hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kisha mwaka 1845 viazi vikaingiwa na ugonjwa, ikafuata njaa iliyoua takriban watu milioni moja kisiwani, na mkoa huu ukawa miongoni mwa walioumia mno. Waliobaki na nguvu walipanda meli. Hadi leo baadhi ya sehemu za Galway na Mayo ni miongoni mwa chache ambako Kiayalandi bado kinasemwa majumbani.

Timu yenyewe huchezea Galway, mji wa bandari ulio kwenye ghuba ya Bahari ya Atlantiki, katika uwanja unaojulikana kama Sportsground. Ulifunguliwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi umaarufu wake haukuwa raga, ulikuwa mbio za mbwa. Msishangae. Njia ya mbwa ilizunguka nyasi za raga, kwa hivyo mashabiki walikaa mbali kidogo na wachezaji, na wiki hiyo hiyo watu walikuja kucheza kamari ya mbwa na wakarudi kuitazama timu. Juu ya hayo kuna upepo. Unavuma kutoka baharini pamoja na mvua, na mpira ukipigwa juu hakuna anayejua utashukia wapi. Timu kubwa zilizozoea viwanja vizuri zilikuwa hazipapendi, na nadhani walikuwa na haki.

Mwishoni mwa 2002 habari zilitoka kwamba IRFU, likitafuta njia ya kubana matumizi, lilikuwa likifikiria kuivunja timu ya kulipwa ya Connacht. Kwa hesabu za karani hoja ilikuwa na maana: watu wachache, mapato kidogo, vikombe hakuna. Lakini karani hakuhesabu kijana wa Mayo ambaye, timu hiyo ikifa, angebaki na njia moja tu, nayo ni kuhamia kwa wengine. Januari 2003 mashabiki walifunga safari hadi Dublin, wakaandamana hadi kwenye afisi za shirikisho. Mpango ukaachwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye Connacht iliendelea kupewa fungu dogo kuliko wenzake, ikichukuliwa kama mahali pa kulelea vijana watakaochukuliwa na wakubwa.

Ndiyo sababu msimu wa 2015-16 una uzito wake. Kocha alikuwa Pat Lam, aliyewataka vijana wake wakimbie na mpira na kupasiana hata wakiwa karibu na mstari wao wenyewe. Novemba 2015 waliipiga Munster huko Limerick 18-12, mara ya kwanza kushinda mjini humo tangu 1986. Mei walikutana na Glasgow, waliokuwa mabingwa watetezi, mara mbili pale Sportsground, na mara zote mbili wakashinda: 14-7 kwenye ligi, na 16-11 katika nusu fainali. Tarehe 28 Mei huko Edinburgh waliwakabili Leinster, wale matajiri wa Dublin, na kuwashinda 20-10. Trai tatu zilifungwa na Tiernan O'Halloran, Niyi Adeolokun na Matt Healy. Adeolokun ni mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, aliyefika Ireland akiwa mtoto, na mwaka huo huo aliichezea timu ya taifa.

Kombe halikumaliza shida. Robbie Henshaw, mmoja wa nyota wa ubingwa huo, alihamia Leinster mwaka huo huo. Nahodha John Muldoon, mtoto wa kaunti ya Galway, hakwenda popote. Alianza kuichezea timu mwaka 2003, mwaka wa maandamano, akastaafu 2018 baada ya mechi 327. Mechi yake ya mwisho nyumbani waliicharaza Leinster 47-10, na mwishoni wenzake wakampa mpira apige mkwaju wa nyongeza, kazi ambayo haikuwa yake. Aliupiga ukapita katikati ya milingoti.

Serikali ya Ireland baadaye iliahidi euro milioni 20 za kuujenga upya uwanja ule uweze kuchukua watu wapatao 12,000. Tangu 2023 unaitwa Dexcom Stadium, kwa jina la kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa vya kupimia sukari mwilini.