Kiti cha magurudumu kinachoendeshwa bila mikono

Mkazi wa Munyaka, mtaa ulioko eneo la Kapsoya jijini Eldoret, akivunjika shingo katika ajali ya bodaboda huenda akabakia na uwezo wa kutikisa kichwa na kupumua tu. Kiti cha kusukumwa humfanya mzigo wa jamaa zake. Kile cha umeme, ambacho mhandisi George Klein wa Kanada na wenzake waliwaundia wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa kawaida huongozwa kwa kijiti kinachohitaji mkono.

Njia mojawapo iliyozoeleka ya kuondoa kikwazo hicho ni mrija. Ncha yake moja hukaa karibu na midomo, na ya pili huunganishwa na swichi zinazohisi mgandamizo wa hewa. Katika mpangilio wa kawaida, kupuliza kwa nguvu hupeleka kiti mbele na kufyonza kwa nguvu hukirudisha nyuma. Kupuliza taratibu hukigeuza kulia, na kufyonza taratibu, kushoto. Wapo pia wanaotumia kidevu, au vihisio vilivyofichwa ndani ya mto wa kichwa. Mwaka 2013, watafiti wakiwemo wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani walichapisha majaribio ya sumaku ndogo iliyotungwa kwenye ulimi. Waliopooza waliitumia kwa kasi ya takriban mara tatu ya mrija, bila kupungukiwa na usahihi.

Hata hivyo, uvumbuzi wa namna hiyo haumalizi matatizo ya mtaani. Penye mashimo kichwa hurukaruka, na vihisio vya mtoni vikapokea amri ambayo mwendeshaji hakuitoa. Mrija nao huponyoka mdomoni, tena huingia mate na hauna budi kusafishwa kila mara. Kiti chenyewe, pamoja na betri zake mbili za volti 12, aghalabu huzidi kilo 100. Kikikwama matopeni wakati wa masika, hakibebwi na mtu mmoja.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu hao. Lakini mrija hauuzwi pamoja na kiti, na si kila kiti kinaupokea. Viti vingi vya bei nafuu vina mitambo inayoelewa kijiti chake pekee. Familia inayoahidiwa msaada wa kiti yafaa iulize jambo hilo kabla hakijasafirishwa, na mtaalamu wa viungo apime kwanza ni misuli ipi ya mgonjwa ingali na nguvu: shingo, kidevu au mashavu.