Kahawa Ilipoharamishwa Makka: Tukio la Mwaka 917 Hijria na Mafunzo Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa fiqhi hupenda kuyauliza ni lile la kahawa. Je, ni kweli kwamba kinywaji hiki tunachokinywa barazani baada ya sala, na ambacho hupitishwa katika maulidi, darasa na matanga yetu, kiliwahi kuharamishwa katika mji mtukufu wa Makka? Ikiwa ni kweli, nani aliyekiharamisha, kwa hoja gani, na vipi watu walirudi kukinywa?

Jibu ni kwamba tukio hilo ni la kweli. Tumeona ni vyema kulieleza kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna somo juu ya namna hukumu ya kitu kipya inavyopatikana.

Asili ya kahawa na jina lake

Mbuni ni mti wa asili ya nyanda za juu za Uhabeshi. Kisa mashuhuri cha mchungaji aliyeona mifugo yake ikirukaruka baada ya kula matunda ya mti huo kilichapwa Roma mwaka 1671, zaidi ya miaka 200 baada ya kahawa kujulikana Yemen. Kwa hiyo hakifai kutegemewa kama historia.

Habari zenye uzito zaidi tunazipata kwa Sheikh Abdulqadir al-Jaziri, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbal, aliyeandika kitabu kizima kutetea uhalali wa kahawa, "Umdat as-Safwa fi Hill al-Qahwa", katikati ya karne ya 10 Hijria. Yeye anapokea kutoka kwa waliomtangulia kwamba aliyeieneza kahawa Aden ni Sheikh Muhammad bin Said adh-Dhabhani, aliyefariki mwaka 875 Hijria (1470). Sheikh huyo alikuwa amewakuta watu wa ng'ambo ya Afrika wakiitumia. Aliporejea Aden akapatwa na maradhi, akaikumbuka, akainywa, na akaona inaondoa uchovu na usingizi. Watu wa tasawwuf wakaishika ili iwasaidie kukesha katika dhikri na ibada.

Ama jina lake, lilizua tatizo tangu mwanzo. Neno "qahwa" lilikuwa moja ya majina ya mvinyo katika Kiarabu cha kale, na wanalugha wameeleza kuwa mvinyo uliitwa hivyo kwa sababu huondoa hamu ya chakula. Waliokipinga kinywaji hiki walilishikilia jina hilo. Lakini kanuni ya fiqhi ni kwamba mazingatio huwa katika maana na uhakika wa kitu, si katika jina lake. Mvinyo ukiitwa maji haugeuki kuwa halali, na maji yakiitwa mvinyo hayageuki kuwa haramu.

Tukio la Makka

Katika mwezi wa Rabiul Awwal mwaka 917 Hijria (Juni 1511), Makka ilikuwa chini ya dola ya Mamluki wa Misri. Muhtasibu wa mji, yaani msimamizi wa masoko na maadili, alikuwa Kha'ir Beg. Usiku mmoja aliona kundi la watu karibu na Msikiti Mtukufu wamekusanyika kwa mwanga wa taa wakipitishiana kikombe. Alipouliza, akaambiwa kuwa ni kahawa, na kwamba kinywaji hicho kimeenea mjini na huuzwa katika sehemu zinazofanana na vilabu vya pombe. Kesho yake akawakusanya makadhi na maulamaa.

Hapa tunamwomba msomaji azingatie kwa makini. Wanavyuoni wale walitenganisha masuala mawili. La kwanza ni mikusanyiko yenye maovu ndani yake, na juu ya kuizuia hiyo hapakuwa na mgogoro. La pili ni kahawa yenyewe. Juu ya hili walisema kuwa asili ya mimea ni uhalali, kwani Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat al-Baqara, aya ya 29, kwamba vyote vilivyomo ardhini ametuumbia sisi. Asili hiyo haiondoki ila uthibitike ulevi au madhara, na jambo la madhara huulizwa kwa matabibu.

Kanuni hii ni sahihi kabisa. Kasoro iliingia katika ushahidi. Waliletwa matabibu wawili ndugu, nao wakasema kuwa kahawa inaudhuru mwili. Wakajitokeza pia watu waliodai kuwa iliwabadilisha akili. Kwa msingi huo ikaandikwa hati ya kuiharamisha. Kahawa ikachomwa moto njiani, na waliouza na kunywa wakapigwa.

Hati ilipelekwa Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri. Majibu yake yalizuia mikusanyiko ya maovu, lakini hayakukiharamisha kinywaji chenyewe. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg akaondolewa katika wadhifa wake, na watu wa Makka wakarudi kunywa kahawa hadharani.

Kadhi aliyefanya majaribio

Huko Cairo kahawa ilikwishaingia mapema kupitia wanafunzi wa Kiyemeni wa al-Azhar. Walikuwa wakiinywa usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa katika dhikri. Iliwekwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao akiwateka kwa kata ndogo, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kulia.

Hata hivyo mwaka 941 Hijria (1534–1535) mgogoro ulizuka upya. Khatibu mmoja, Ahmad as-Sunbati, aliikemea kahawa vikali, na baadhi ya waliomsikiliza wakatoka kwenda kuvunja nyumba za kahawa na kuwapiga waliokuwamo. Shauri likafikishwa kwa Kadhi Muhammad bin Ilyas al-Hanafi. Yeye aliwataka ushauri maulamaa wenzake, kisha akaamuru kahawa ipikwe na kundi la watu linyweshwe mbele yake. Akakaa akizungumza nao sehemu kubwa ya mchana, akiwachunguza maneno yao na hali zao. Hakuona badiliko lolote la akili. Akaiacha kahawa katika uhalali wake.

Elimu ya leo imeungana na alichokiona kadhi yule. Mwaka 1819 mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga kafeini, kitu kilichomo ndani ya buni kinachozuia ubongo usipokee dalili za uchovu. Kahawa huchangamsha, na pombe huondoa akili. Makatazo ya Mtume (s.a.w.) yamekuja juu ya kila kilevi, na kuchangamka si kulewa.

Pale hoja ya dini inapobeba jambo jingine

Mjini Istanbul nyumba za kahawa zilifunguliwa karibu na mwaka 1555 na wafanyabiashara wawili kutoka Aleppo na Damascus. Mwaka 1633 Sultani Murad IV alizifunga, na mwenye kutazama atakuta kuwa jambo kubwa lililokuwa likiogopwa ni mazungumzo ya watu juu ya utawala. Hofu hiyo haikuwa ya Waislamu peke yao. Mfalme Charles II wa Uingereza naye alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa mwezi wa Disemba 1675, akalazimika kuirudisha baada ya siku chache.

Wala hatusemi kuwa kila aliyekataza alikuwa na hila. Imam al-Ghazali katika "Ihyaa" ameeleza kuwa watu wakikusanyika wakapanga vyombo vya mvinyo, wakaweka mnyweshaji anayewazungukia, kisha wakanywa sharubati ya siki na asali kwa namna ya walevi, kitendo chao ni haramu ijapokuwa sharubati ni halali. Ubaya hapo ni kujifananisha na mafasiki. Kwa hiyo aliyechukizwa na mkao wa wanywaji alikuwa na asili ya kutegemea. Kosa lilikuwa kuuhamisha ubaya wa mkao na kuutia katika kinywaji.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, wanavyuoni wanasema kuhukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Wale waliokutana Makka walizijua kanuni za fiqhi, lakini walipewa habari zisizo sahihi juu ya kitu chenyewe. Nasi leo huulizwa kila siku juu ya dawa, vyakula na vifaa vipya. Imamu anayejibu kabla ya kuuliza wenye ujuzi wa jambo hilo anajiweka katika hatari, na katika Surat an-Nahl, aya ya 116, Mwenyezi Mungu ameonya vikali juu ya kutamka halali na haramu kwa uongo.

Pili, kisa hiki kisichukuliwe kuwa hoja ya kuhalalisha kila kitu. Tumbaku ilipowafikia Waislamu kiasi cha mwaka 1600 nayo ilizua mgogoro, na mwanachuoni mkubwa Abdulghani an-Nabulusi (aliyefariki 1143 Hijria, 1731) aliandika risala kuonyesha uhalali wake. Majaribio ya mchana mmoja hutosha kuujua ulevi, lakini hayatoshi kuyajua madhara yanayojitokeza baada ya miaka 20 au 30. Leo matabibu wamethibitisha kuwa tumbaku inaua, na maulamaa wengi wa zama zetu wameiharamisha. Kanuni ni ileile, na kilichobadilika ni ujuzi wa madhara yake.

Tatu, kahawa kuwa halali hakuhalalishi yanayofanyika juu yake. Baraza ambalo watu huambiana habari za kheri na kukumbushana sala lina hukumu yake, na baraza la kusengenya lina hukumu yake, ingawa birika ni lilelile na vikombe ni vilevile.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.