Kutoka Zamu ya Fundi hadi Maikroprosesa: Historia ya Uangalizi wa Mitambo ya Redio Nchini Marekani

Insha hii inachunguza jinsi kazi ya mwendeshaji wa mtambo wa kurushia matangazo ya redio ilivyohamishwa kutoka mikononi mwa binadamu hadi kwenye maikroprosesa nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1995. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kama ushindi wa teknolojia mpya. Hoja yetu ni kwamba maikroprosesa haikubuni kazi mpya. Ilirithi zamu ya fundi, na katika zamu hiyo ilirithi sehemu ile tu iliyoweza kuelezwa kwa tarakimu.

Mnamo Mei 2, 1934, Rais Franklin Roosevelt alibonyeza kitufe mjini Washington kuzindua mtambo wa kituo cha WLW cha Cincinnati, wenye nguvu ya kilowati 500. Valvu zake zilipozwa kwa maji, na mafundi walikaa hapo usiku na mchana. Hata katika vituo vidogo, kanuni za Tume ya Mawasiliano (FCC), iliyoundwa mwaka huohuo, zilitaka mtu mwenye leseni awepo mtambo unapofanya kazi, asome mita na kuandika vipimo daftarini. Fundi huyo alisoma mita, lakini pia alisikiliza mvumo wa transfoma, alinusa waya uliochomeka, na alisikia matangazo yenyewe.

Hatua ya kwanza ya kumwondoa mtamboni ilikuja mwaka 1953, FCC iliporuhusu vituo vingi vya hadi kilowati 10 kuendeshwa kwa mbali. Nyaya za simu zilibeba amri na vipimo kati ya studio na mtambo. Hata hivyo, uamuzi ulibaki kwa binadamu: macho yake yalihamia studio, lakini yaliendelea kutazama mita.

Badiliko kubwa zaidi lilitokana na maikroprosesa. Kampuni ya Intel ilianza kuuza maikroprosesa yake ya kwanza, 4004, mwaka 1971. Katika miaka ya 1980 vifaa vya aina hiyo vilikuwa vimeingia katika uendeshaji wa mitambo ya redio. Utendaji wake hufuata mazoea ya fundi hatua kwa hatua. Mtambo wa valvu unapowashwa, maikroprosesa huanzisha feni kwanza, huhakikisha hewa inapita, kisha hupasha moto nyuzi za valvu. Muda uliowekwa ukiisha, ndipo huruhusu volteji kubwa.

Baada ya hapo huanza uangalizi. Volteji na mikondo hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo hulinganishwa na viwango vilivyohifadhiwa. Kwa kituo cha mawimbi ya kati chenye leseni ya wati 5,000 na antena yenye ukinzani wa omu 50, mkondo unaotakiwa ni ampea 10, kwa kuwa nguvu ni mraba wa mkondo mara ukinzani. Kanuni za FCC huruhusu nguvu iwe kati ya asilimia 90 na 105 ya leseni. Hivyo mkondo ukishuka chini ya takriban ampea 9.5, programu huongeza nguvu. Jua linapozama, mawimbi ya kati hufika mbali zaidi, na programu hupunguza nguvu au kubadili mwelekeo wa antena kwa saa zilizotajwa katika leseni.

Radi ikipiga karibu na mnara, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena huongezeka ghafla. Mtambo hukatwa mara moja, kisha hujaribiwa tena. Hitilafu ikijirudia mara kadhaa, huzimwa kabisa na mhandisi hupigiwa simu. Wabunifu hawakuiamini programu kwa kila jambo. Swichi za milango, zinazokata volteji kubwa mtu anapoufungua mtambo, ziliunganishwa moja kwa moja bila kuitegemea programu. Maikroprosesa yenyewe iliwekewa kipima muda cha kuianzisha upya endapo ingekwama.

Mwaka 1995 FCC iliruhusu vituo kuendeshwa bila mtu yeyote zamuni, ingawa mwenye leseni alibaki na wajibu wote. Athari za mpangilio huo zilijadiliwa kitaifa baada ya Januari 18, 2002, treni ilipoanguka usiku karibu na Minot, North Dakota, na kumwaga amonia. Mtu mmoja alifariki na mamia walidhurika. Polisi walidai kwamba simu zao kwa kituo cha redio hazikujibiwa. Upande wa kituo ulisema mfanyakazi alikuwapo na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mfumo wa tahadhari. Mgogoro huo haukuhusu ubovu wa mtambo. Suala lilikuwa nani angeweza kuzungumza na mji usiku ule.

Kwa hiyo, ufanisi wa maikroprosesa haupaswi kubezwa: huchunguza mita bila kuchoka na huitikia hatari haraka kuliko mkono wa binadamu. Lakini nguvu, volteji na saa vina tarakimu. Dharura ya jirani haina. Sheria ilipomwondoa fundi kwa kuwa mita zimepata mwangalizi mwingine, ilimwondoa pia mtu wa kupokea simu ya usiku, kazi ambayo daftari la vipimo halikuwahi kuiorodhesha.