Simu na tarakilishi kuukuu: Jinsi ya kuzirefushia maisha kwa programu mpya

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliozinduliwa mwaka wa 2015. Siku iliyofuata, tarakilishi zilizotumia mfumo huo ziliwaka kama kawaida. Hakuna kilichovunjika wala kuungua.

Kilichobadilika ni kwamba dosari yoyote ya usalama ambayo ingegunduliwa baada ya siku hiyo haingezibwa, ila kwa wale waliojisajili kuongezewa muda. Watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujisajili hadi Oktoba 2026.

Kisa hicho kinadhihirisha jambo ambalo wengi hawalitambui wanaponunua vifaa hivi. Aghalabu simu au tarakilishi huzeeka kwa upande wa programu kabla ya vyuma vyake kuchakaa. Kwa mzazi aliyejinyima ili kumnunulia mwanawe kipakatalishi cha mitumba, au shule iliyochangisha pesa kuanzisha maabara ya tarakilishi, kuelewa hilo kunaweza kuokoa gharama ya kununua upya.

Kiraka si toleo jipya

Mabadiliko ya programu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni viraka, yaani masahihisho madogo yanayoziba mianya ambayo wadukuzi wanaweza kupenyea. Viraka havihitaji nguvu nyingi za mashine, na havina budi kukubaliwa kila vinapotolewa.

Aina ya pili ni toleo jipya la mfumo mzima, kama vile kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Hili huja na sura na uwezo mpya, lakini pia hudai kumbukumbu na nafasi zaidi. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, huhitaji kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, hifadhi ya GB 64 na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazitimizi masharti yote ya kampuni hiyo, hata kama bado zina nguvu.

Gharama ya kupuuza

Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya mmoja katika Windows. Miezi miwili baadaye, virusi vilivyopewa jina WannaCry vilipita katika mwanya huo huo na kuvamia zaidi ya tarakilishi 200,000 katika mataifa yapatayo 150. Virusi hivyo vilifunga faili na kudai fidia.

Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Kiraka kilikuwapo, waliodhurika ni wale ambao hawakuwa wamekiweka, pamoja na waliotumia mifumo iliyokwisha kuachwa.

Vile vile, kifaa kisichosasishwa hutengwa hatua kwa hatua. Mnamo 2023 kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa wenye Windows 7. Mwaka wa 2025, WhatsApp ilikoma kufanya kazi katika simu za Android 4.4. Aliyekuwa akiwasiliana na wateja wake kupitia simu ya aina hiyo alijikuta nje ghafla, ilhali simu yenyewe haikuwa na kasoro.

Kabla ya kugusa chochote

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala. Picha, nambari za simu na hati muhimu zinakiliwe katika flashi diski, kadi ya kumbukumbu au tarakilishi nyingine. Kusasisha kunaweza kukatizwa na umeme kupotea, na kilichofutika mara nyingi hakirudi.

Pili, betri ijazwe, na kipakatalishi kiachwe katika umeme. Tatu, nafasi ipatikane kwa kufuta video na programu zisizotumika. Simu iliyojaa pomoni hukataa viraka. Nne, ni nafuu kupakua mafaili makubwa mahali penye Wi-Fi kuliko kutumia bando la simu.

Kwa wenye simu

Katika simu ya Android, sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu simu huonyesha toleo la mfumo pamoja na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Tarehe hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikiwa imepita miaka miwili au mitatu na hakuna kingine kinachopatikana, basi yamkini mtengenezaji ameshaiacha simu hiyo.

Hata hivyo, mlango haujafungwa kabisa. Tangu Android 10 ya mwaka wa 2019, baadhi ya sehemu za mfumo husasishwa moja kwa moja kupitia Google Play, bila kumsubiri mtengenezaji. Kivinjari na programu nyingine pia husasishwa kivyake.

Kuna pia LineageOS, mfumo wa bure ulioanzishwa mwishoni mwa 2016 na wanaprogramu wa kujitolea. Mfumo huo huzipa baadhi ya simu zilizoachwa toleo jipya la Android. Ila kuna tahadhari: kufungua kufuli la simu ili kuuweka hufuta kila kitu kilichomo, baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi baadaye, na hatua moja ikikosewa simu inaweza kufa. Inafaa kazi hiyo ifanywe na fundi anayeielewa, katika simu ambayo mwenyewe hatailia ikiharibika.

Kwa upande wa Apple, viraka huendelea kwa muda mrefu. Simu ya iPhone 5s iliyotolewa 2013 ilipokea kiraka cha usalama Januari 2023.

Lakini kampuni hiyo hiyo ilikiri Desemba 2017 kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Funzo ni kwamba simu inayojikokota baada ya kusasishwa huenda inahitaji betri mpya tu.

Wenye simu ndogo maarufu kama mulika mwizi wao hawasumbuliwi sana na haya. Menyu ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, imo ndani ya kadi ya simu yenyewe na haitegemei Android wala intaneti.

Kwa wenye tarakilishi

Tarakilishi iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kuhamishiwa mfumo wa Linux, ambao asili yake ni kazi aliyoianza mwanafunzi Linus Torvalds nchini Finland mwaka wa 1991. Mifumo iliyojengwa juu yake hupatikana bila malipo. Miongoni mwayo ni Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka wa 2004, na Linux Mint.

Linux Mint huweza kufanya kazi katika mashine yenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, pamoja na nafasi ya GB 20. Mfumo mwingine ni ChromeOS Flex wa Google, uliotolewa 2022, unaomfaa zaidi mtu ambaye kazi zake nyingi ziko mtandaoni.

Uzuri wa mifumo hii ni kwamba mtu anaweza kuionja kabla ya kuihamia. Mfumo hupakuliwa na kuwekwa katika flashi diski, kisha tarakilishi huwashwa kupitia flashi hiyo bila kufuta chochote. Hapo atajua iwapo Wi-Fi, sauti na printa yake zinafanya kazi. Akiridhika, ndipo ausakinishe.

Programu ya LibreOffice, iliyoanza 2010, huandika barua na kupiga hesabu bila malipo. Inatokana na OpenOffice, ile ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. Hata hivyo, mwenye programu maalumu za uhasibu au usanifu zilizoundwa kwa ajili ya Windows ahakikishe kwanza kwamba zina mbadala.

Aidha, badiliko dogo la vyuma husaidia sana. Kuondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD, au kuongeza RAM, huweza kuifanya mashine ya miaka kumi iwake upesi kuliko ilipokuwa mpya.

Wakati wa kuacha

Si kila kifaa kinachoweza kuokolewa. Tarakilishi za zamani za biti 32 zimeanza kuachwa hata na mifumo ya Linux. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisakinishwi tena katika mashine hizo. Kadhalika, simu isiyopata viraka haifai kuachiwa programu ya benki wala nywila za baruapepe. Inaweza kubakia ya kusikilizia redio, kupigia picha au kuwasomea watoto hadithi.

Kikifika mwisho kabisa, kifaa kisitupwe jalalani wala kuchomwa, kwani kina madini ya sumu kama risasi na zebaki. Jijini Nairobi, kituo cha WEEE Centre hupokea taka za aina hii. Tarakilishi ambazo bado zina uhai zinaweza kupewa shirika la Computer for Schools Kenya, ambalo tangu 2002 limekuwa likizirekebisha na kuzipeleka shuleni.

Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kutumiwa upya ipasavyo.

Swali la kuuliza dukani

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Anayelazimika kununua kingine asitazame kamera na rangi pekee, bali aulize viraka vitaendelea hadi mwaka gani. Google iliahidi miaka saba kwa simu ya Pixel 8 ya mwaka wa 2023, na Samsung ikaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24 ya 2024. Simu nyingi za bei nafuu huahidiwa muda mfupi zaidi, na muda huo huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa, wala si tangu siku mnunuzi alipotoa pesa zake.

Kwa hivyo simu ya mitumba inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda imebakisha miezi michache tu ya viraka. Dakika chache za kutafuta mwaka wa kuzinduliwa kwake, mteja akiwa bado amesimama dukani, zinaweza kumwepusha na hasara hiyo.