Ndege iliyokosa king'ora

Asubuhi ya Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliondoka Embakasi, Nairobi, ikielekea Johannesburg na watu 157. Iliinuka kidogo tu, ikaanza kutetemeka, kisha ikaporomoka na kuwaka moto zaidi ya kilomita moja kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Walikufa 59. Hii ndiyo ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa la ndege hiyo kuna vibawa vinavyochomoza wakati wa kuruka, ili ndege ibebwe na hewa hata mwendo ukiwa mdogo. Husukumwa na hewa yenye shinikizo itokayo kwenye injini. Siku hiyo vali za kupitisha hewa hiyo zilibaki zimefungwa, vibawa havikutoka, na ndege ikaondoka hivyo hivyo. Marubani waliposikia mtetemeko walidhani ni magurudumu, wakayakunja. Nairobi nayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi haimsamehe anayeruka na bawa pungufu.

Lawama ilimwangukia mhandisi wa ndege, maana vali zilikuwa kazi yake. Alishtakiwa kwao Ujerumani, na mwaka 1981 akaachiwa huru. Naona mahakama ilitenda haki. Mtu alisahau, ndiyo, lakini ndege haikuwa na king'ora cha kumshtua. Boeing iliongeza mfumo wa onyo baada ya ajali, si kabla.

Januari 30, 2000 mambo yaligeuka: king'ora kilikuwepo, kikadanganya. Airbus A310 ya Kenya Airways ilikuwa itue Lagos ikitoka Nairobi, lakini upepo wa harmattan ukaifanya ipitilize hadi Abidjan. Usiku ilipoondoka huko kurudi Lagos, king'ora kililia kwamba inapoteza nguvu ya kuelea, ilhali ilikuwa salama. Rubani msaidizi akainamisha pua, kama anavyopaswa kufanya mtu anayeonywa hivyo akiwa juu angani. Chini yao kulikuwa na bahari, giza tupu. Amri ya kupanda ilichelewa. Kati ya watu 179, walinusurika 10.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia "kosa la rubani" kabla vinasa sauti havijafunguliwa, usiamini haraka.